Mashine Iliyokataa "Ludi"

Miaka ile biashara ilipofunguliwa na Mwanza ikajaa vitu vya kutoka nje, nilifanya kazi kwenye duka la kompyuta la familia moja ya Kihindi, katikati ya mji. Nilikuwa nafundisha watu kupiga chapa. Mwenzangu, dada mmoja mkimya kutoka upande wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa, alikuwa anatengeneza programu za wenye maduka. Jumapili mwenye duka alituachia kompyuta moja, na hapo ndipo mchezo wetu ulipozaliwa.

Haukuwa na picha. Ulikuwa maandishi ya kijani tu kwenye skrini nyeusi: wewe ni mama unayetoka Kamanga na kikapu cha michembe, vile viazi vilivyokaushwa, unampelekea binti yako mjini, na kivuko kinakaribia kuondoka. Unaandika neno, mashine inakujibu. Vuka. Kaa. Rudi. Ukipanda kivukoni bila kurudi kumfunga ndama, anaingia shamba la jirani na safari inaharibika. Mama huyo alikuwa mama yake mwenzangu kabisa, na ndama alikuwa wa kweli.

Mama mwenyewe kila akija mjini alipita dukani kumsubiri binti yake amalize kazi. Tukimwamkia shikamoo, anaitikia marahaba huku macho yameshafika kwenye kiti cha kompyuta. Alicheza kwa kidole kimoja, na alicheka kila ndama alipofungwa, ingawa alijua fika kinachokuja. Kiswahili alikuwa amejifunza ukubwani, juu ya Kisukuma chake, na aliandika kama alivyosema: ludi. Mwenzangu alikuwa ameifundisha mashine kukubali rudi na ludi, na maneno mengine yote ya namna hiyo. Kazi hiyo ilimchosha kuliko mchezo wenyewe.

Mimi mchezo ule nilikuwa nauonea haya. Jirani yetu palikuwa na ukumbi wa gemu, televisheni za rangi, magari yanafukuzana, vijana wamejipanga hadi barabarani. Ukimaliza gemu moja ya pale, majina ya walioitengeneza yalipanda kwenye skrini bila kuisha, kama orodha ya waliochangia harusi ya tajiri. Sisi tulikuwa wawili, na mchezaji wetu mmoja. Nilitaka na sisi tuwe kitu.

Ndipo mwenye duka akamleta mgeni kutoka Dar, mfanyabiashara aliyetafuta michezo ya Kiswahili ya kuweka kwenye kompyuta za kuuzia shule. Mwenzangu akamwonyesha kwa fahari kwamba hata ukiandika ludi, mashine inaelewa. Mgeni akacheka, akasema shuleni hiyo haipiti, tuisafishe kwanza. Kicheko kile nilikifahamu. Shule ya msingi nilichapwa kwa kusema kalibu.

Nikamwambia mwenzangu tuyafute maneno yote ya namna ya ludi. Hakubisha. Aliniuliza jambo moja tu: "Na mama je?"

"Mama atajifunza," nikamjibu. "Ni herufi moja."

Aliniamini, maana mwalimu nilikuwa mimi. Akayafuta mwenyewe, moja moja, nimemsimamia mgongoni.

Mama hatukumwambia. Alikuja, akakaa, akaandika ludi. Mashine ikajibu: Sielewi. Akaandika tena, kwa uangalifu zaidi. Sielewi. Nilikuwa palepale, ningeweza kumweleza kwa sentensi moja kwamba kosa si lake, nikajifanya natafuta karatasi mezani. Hilo ndilo linalonisuta mpaka leo, kuliko hata kule kufuta. Binti yake akainama amsaidie, lakini mama alikwishaondoa kidole. Alisema macho yake siku hizi yana ukungu, akahamia kwenye benchi la mlangoni.

Mgeni akarudi, akautazama mchezo wetu uliosafishwa, akasema wanafunzi watataka picha na magari, kama gemu za pale jirani. Mwenye duka akatupa pole. Mwenzangu hakunilaumu, na mimi nilitamani anitukane tu tumalizane. Aliyarudisha maneno yote kimyakimya, nikajipa moyo kwamba yamekwisha.

Safari iliyofuata nilimvutia mama kiti mwenyewe, nikamwambia mashine imepona, sasa inamsikia kama zamani. Akakataa kuigusa.

"Andika wewe, mwanangu," akasema. "Mimi nitakuwa natamka."

Tukaenda hivyo, yeye anatamka, mimi naandika, hadi tukafika kwa ndama. Hapo akanigeukia. Kisha akalisema lile neno polepole, akiikaza herufi ya kwanza mpaka ulimi ukatetemeka: "Rrudi." Hakuitazama skrini kuona ndama kama amefungwa. Alinitazama mimi mdomoni.

"Nimesema sawasawa, mwalimu?"