Skonzi Themanini na Nne, Keki Sitini

Siku yangu ya kwanza kwenye kiwanda kidogo cha mikate, Ngamiani, joto la tanuri na vumbi la unga vilijaa chumba kizima, watu wakaonekana kama wanatembea ndani ya maziwa. Nilikuwa nimeachia shule darasa la tano. Wazazi walishatangulia mbele ya haki, na sisi ndugu wanne tulishagawanywa kwa maneno: wawili kwa shangazi kule Moa, wawili kwa mjomba kule Makorora. Ningepata kazi, tungebaki pamoja.

Msimamizi wa Ufungashaji, mama mnene aliyejifunga kanga kiunoni, aliitikia shikamoo yangu bila kuinua macho.

"Skonzi themanini na nne, keki sitini, za maulidi. Pakiti zote zifanane, isibaki hata moja. Na ziwe nyingi kadiri itakavyowezekana."

"Huyu atazila kabla hajazigawa," Mkuu wa Tanuri akasema, wenzake wakacheka.

Skonzi zilikuwa bado vuguvugu. Nyumbani mkono wangu ulizoea kugawa kwa nne, basi nikatenga mafungu manne: kila fungu skonzi ishirini na moja, keki kumi na tano.

"Pakiti nne tu? Watapigana huko maulidini, mwanangu!" Msimamizi akasema, wale wa tanuri wakacheka tena.

Sauti zao zikawa mbali, kana kwamba niko chini ya maji. Nikaligawa fungu moja kwa mbili. Ikabaki skonzi moja na keki moja. Nikajaribu kwa tatu: skonzi saba, keki tano, hakikubaki kitu. Saba na tano hazigawanyiki tena pamoja. Mafungu manne, kila moja pakiti tatu: kumi na mbili.

Msimamizi akazihesabu mara mbili. "Kesho uje na kitambaa cha kichwa," akasema.

Baadaye nilihamishiwa kwenye kuumua, yaani kuuacha unga uvimbe kwa hamira, kisha tanurini. Yule Mkuu aliyenicheka ndiye aliyenifundisha kuugonga mkate kitakoni: ukilia kama ngoma, umeiva. Nikamalizia nikiwa Msimamizi wa Ufungashaji.

Sasa nimestaafu, lakini asubuhi bado naamshwa na harufu ya hamira ambayo haipo. Idi iliyopita wadogo zangu watatu walikuja na familia zao. Nikaleta sinia la skonzi, na kabla sijawaza, mkono ukatenga mafungu manne.

Kitinda mimba wetu akacheka. "Dada, mbona tuko kumi na wawili sasa!"

Nikalivuta fungu la kwanza, nikaligawa kwa tatu.