Maji Ambayo Hakuyanywa

Nilipata habari Jumanne nikiwa kwenye foleni ya posta hapa Nyeri: yule mama aliyekuwa akiniuzia viazi Naro Moru, kando ya barabara ya Nanyuki, amefariki. Niliyokuwa nimewaandalia wiki hii, wasomaji wangu, nimeyaweka kando. Nina huzuni, na zaidi ya huzuni nina hasira nisiyojua nimpelekee nani.

Mliowahi kusimama pale mtamkumbuka kwa ulimi wake, alivyokutania mpaka ukanunua debe la pili. Alikaa kwenye gunia lake tangu asubuhi hadi jioni bila kuondoka, na hakuficha alivyoweza. "Mimi nikitoka kwangu sikunywi kitu," aliniambia siku nilipomnunulia chai. "Ata ya bure. Ati nianze kutafuta choo kama mtoto, wanaume wakiniangalia? Apana, mtu wa gazeti, kunywa wewe." Wanawake wengi wa huku hufanya hivyo, hasa siku ya safari, nasi wanaume tunawasifu kwa kujikaza.

Mwaka jana alipasuliwa, uvimbe wa saratani ukatolewa mwisho wa utumbo, chini kabisa. Ili usiote tena, akapelekwa Nairobi kuchomwa kwa miale, maana zaidi ya miaka ishirini tangu bendera yetu ipande, huku mlimani hatuna mashine hiyo. Alikaa kwa dadake, kila asubuhi akipanda basi kwenda hospitali. Siku ya kwanza walimpiga picha, wakampima, wakamchora mistari nyongani kwa uangalifu mkubwa, na muuguzi alisimama mbele yake mpaka akamaliza jagi zima la maji. Siku zilizofuata wagonjwa walipigiwa kelele tu kutoka dirishani: "Kunyweni maji, msikojoe!" Sababu hakuambiwa.

Baadaye alianza kuharisha damu. Binti yake aliniomba niwapeleke Nairobi kwa gari langu, nami nikaingia nao kwa daktari, ambaye alimuuliza kama alikuwa akinywa maji. Mama akatabasamu kama mtu anayengoja kusifiwa.

"Daktari, nilijikaza. Nilikunywa hiyo siku ya kwanza peke yake. Hizo zingine nilikuja nikiwa mkavu kabisa, nisichafue mashine yenu."

Daktari akavua miwani. Akaeleza polepole kwamba uvimbe ukishatolewa, utumbo huteremka na kujaza pale palipobaki wazi. Kibofu kikijaa huusukuma juu, ukaepuka miale. Vipimo vyao vyote vilichukuliwa kibofu kikiwa kimejaa. Mistari ilikuwa sawa na mashine ilikuwa sawa, lakini mle ndani utumbo usio na ugonjwa ulikuwa umelala kwenye njia ya moto. Alikiri kwamba hata wanaokunywa huungua wakati mwingine. Hilo halikunifariji hata kidogo.

"Basi tuanze tena," mama akasema. "Nitakunywa yote."

Daktari akamwambia mwili wake hauwezi kupokea miale tena.

"Na mbona hamkuniambia hiyo maji ni ya nini?" akauliza. Daktari akavaa miwani tena, akaanza kuandika kwenye faili.

Ninyi mnaotibu watu wetu, mjibuni sasa. Mtu aliyejinyima maji maisha yake yote kwa ajili ya heshima hataiacha heshima hiyo kwa amri ya dirishani. Angeiacha kwa sababu moja aliyoelezwa akaielewa, na kumweleza kungechukua muda mfupi kuliko kumchora mstari mmoja.