Sehemu ya Papa

Chakula kilichofunikwa kina harufu yake. Si ile ya chakula kinachopikwa, inayotoka nje na kuwaita majirani. Hii hujificha. Mvuke hupanda, ukagonga sahani ya juu, ukageuka maji, maji yakadondokea bugali, na ukifunua unapokelewa na harufu nzito ya mawese, maharagwe na bati lenye jasho. Mimi ni muuguzi, na kazi yangu katika kituo kimoja cha afya pale Himbi ni kuwafundisha watu kula: kiasi gani, saa ngapi, na waache lini. Wananisikiliza kwa adabu huku wakinitazama kiuno. Siwalaumu, maana mganga hajigangi, na mwili wangu ni ushahidi tosha. Lakini kila ninapokutana na harufu ile, hata kwenye karamu ya arusi, shingo hunisisimka na mkono wangu huanza safari kabla sijauruhusu. Aliyeufundisha mkono huo ni mimi mwenyewe, nikiwa na miaka tisa.

Tulikaa mtaa wa Murara, katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe meusi ya volkano, mawe yanayokula viatu na magoti ya watoto bila ubaguzi. Tulikuwa wanne: papa, mama, mimi Kavira, na mdogo wangu Kakule aliyekuwa na miaka minne. Wazazi wetu walitoka Butembo, Wakatoliki wa kusali rozari bila kuruka hata fumbo moja, na papa alikuwa mfanyabiashara wa maharagwe na unga. Mwaka ule vita vilikuwa vimeshika barabara ya Rutshuru. Wakimbizi waliingia mjini na magodoro kichwani, na kila ua ulikuwa na wageni wake. Jikoni kwetu alilala mama mmoja tuliyemwita Mama Furaha, na mtoto wake mchanga. Papa alikuwa ameondoka kwenda Bunagana, mpakani, kuchukua mzigo, safari ya siku tatu. Ikapita wiki, ukapita mwezi, barabara ikafungwa kabisa, na hakuna dereva aliyeweza kutuambia lolote.

Kwetu, sehemu ya mwenye nyumba hupakuliwa kwanza. Hufunikwa kwa sahani nyingine, huwekwa kwenye kimeza mbele ya kiti chake, na mtoto anayeigusa hupata adhabu atakayowasimulia wajukuu. Akiwa safarini, hupakuliwa vilevile. Kuacha kumpakulia ni kutamka kwa mikono kile ambacho mdomo unakiogopa, na siku pekee ambayo sahani haiwekwi ni siku ya matanga. Kwa hiyo mama aliendelea kupakua kila mchana, ingawa unga ulikuwa wa kuhesabu na Kakule alilamba vidole mpaka vikakunjamana. Jioni alifunua, akakuta chakula kilivyo, akatugawia kikiwa baridi. Hakulia. Aligawa tu, huku akitazama ukutani, na kila jioni sauti yake ilipungua kidogo, hata nikaanza kuogopa siku itakapokwisha.

Mchana mmoja nilirudi kutoka shule nikakuta nyumba kimya. Mama alikuwa ameenda kutafuta mkaa pamoja na Kakule, na Mama Furaha alikuwa ameenda kuchota maji. Ilikuwa saa saba, jua limesimama juu ya mawe meusi, hata kuku hawakusikika. Kisha mabomu yakaanza kulia upande wa Kibati, mbali, mazito, na sahani ya papa ikatetemeka juu ya kimeza chake. Bati likagonga bati, taratibu, kana kwamba kuna mtu chini yake anabisha hodi. Sikuwa na njaa, nataka hilo lieleweke, kwani shuleni siku ile tulipewa uji. Lakini nilifunua sahani ili inyamaze, na nilipozinduka nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha papa, mdomo umejaa, sahani tupu. Hofu ilikuwa imekwisha. Mahali pake palikuwa na uzito mzuri, wa joto, chini ya mbavu. Nikafunika, nikatoka nje, nikajifanya nacheza.

Mama aliporudi alifunua sahani kabla ya wakati. Nilikuwa mlangoni nimeshaandaa matako kwa fimbo, ndipo nikamwona anapiga ishara ya msalaba.

“Papa yenu amekuya kula,” alisema. “Yiko muzima.”

Alitabasamu, mara ya kwanza tangu safari ile. Mdomo ulikuwa bado na mafuta. Nikameza mate, na pamoja nayo nikameza ukweli, na tangu siku hiyo nikawa na kazi. Nilielewa, kwa akili ya mtoto, kwamba kila tonge nililomeza lilimwongezea papa siku moja ya kuishi.

Nilikula kila mchana, mama akiwa ametoka kutafuta mkaa. Mama, kwa furaha, aliongeza kipimo, akisema kwamba huko aliko lazima anateseka na njaa. Nilikula nikiwa nimeshiba, nilikula nikiwa na homa, nilikula mpaka machozi yakanitoka na tumbo likawa gumu kama ngoma, halafu nikaketi na wenzangu kula sehemu yangu ili nisishukiwe. Mama aliweka bakuli la maji ya kunawa. Nikanawa, maji yakachafuka, naye akayaonyesha majirani. Jambo lililonitisha zaidi lilikuja lenyewe. Papa alikuwa na namna yake ya kula: alibonyeza bugali kwa kidole gumba, alipanga vichwa vya sambaza, dagaa wa ziwa letu, ukingoni mwa sahani vikitazama nje, na alikohoa mara mbili alipomaliza. Siku moja nilitazama sahani nikaona vichwa vimepangwa, vyote vinatazama nje. Sikukumbuka kuvipanga. Kisha nikasikia kikohozi, mara mbili, nikageuka kumtafuta aliyekohoa, na chumbani nilikuwa peke yangu.

Mama Furaha naye alikisikia, akiwa jikoni. Jioni hiyohiyo alimfunga mtoto mgongoni, akachukua sufuria yake, akahamia kambini, kwenye hema na matope. Alimwambia mama kwamba ameyakimbia mabunduki, lakini hakukimbia ili aje kulala na mzimu. Baada ya hapo watoto wa jirani walipita mbele ya ua wetu wakikimbia. Kakule, maskini, alianza kuuliza kwa nini papa anakula sana na yeye hapati hata kichwa cha samaki. Mikono yake ilikuwa imekonda, yangu imenona. Jambo hilo nililiona, na bado nilikula. Mwenye njaa hana miiko, husema watu; mimi ninasema mwenye hofu hana hata huruma.

Ndipo akaja papa mukubwa, kaka yake papa, kutoka Butembo, akiwa amezunguka Uganda na Rwanda ili kutufikia. Alileta habari. Dereva mmoja alikuwa ameliona lori la papa limechomwa kando ya barabara, na hakuna aliyetoka. Wazee walikuwa wameamua: kufanyike matanga, misa isomwe, mama anyolewe, kisha sisi turudishwe Butembo chini ya ulinzi wa ukoo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

“Mutu mwenye alikufa hakulake,” akasema. “Huyu anakulaka kila siku.”

“Basi tutaona,” alijibu papa mukubwa. “Siku ya mungu tutaenda wote ku misa. Funguo nitashika miye. Tukikuta chakula, tunalia ndugu yangu. Tukikuta hakuna, nitanyamaza na nitaenda.”

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa Jumapili ile. Mama alipika alfajiri, papa mukubwa akaitazama sahani ikiwa imejaa, akaifunika kwa mkono wake mwenyewe, akatutoa nje wote, akafunga mlango. Tulipofika njiani mama alikumbuka kitambaa chake cha kichwa. Akaomba ufunguo, akarudi ndani, akakawia kidogo, akatoka amekifunga, akafunga mlango na kumrudishia shemeji yake ufunguo. Mimi nilitembea nikijua kwamba namuua papa. Tumbo langu tupu lilinguruma njia nzima, kwa kuwa nyumbani kwetu sheria ilikuwa kali kuliko ya padri: anayetaka kupokea komunyo haonji kitu asubuhi, hata maji. Mama aliishika sheria hiyo tangu ujana, na sikuwahi kuona Jumapili ambayo hakupokea. Ulipofika wakati wa komunyo benchi letu lote lilisimama. Mama akabaki ameketi. Papa mukubwa alipita mbele yake, nami nikapita, na niliporudi alikuwa ameinamisha uso ndani ya viganja, akisali. Nilipiga magoti karibu naye. Vidole vyake vilinuka mawese.

Sahani ilikuwa tupu. Vichwa vya sambaza vimepangwa ukingoni, vinatazama nje. Papa mukubwa alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa mbao za ukuta, na kabla ya saa nane alikuwa ameshaushika mkoba wake. Hakukufanyika matanga mwaka ule. Mimi na mama tulibaki tumesimama, sahani katikati yetu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na sasa kata zilikuwa mbili. Nilingoja aniulize, naye labda alingoja nimuulize. Kesho yake mchana alipakua kama kawaida, akamshika Kakule mkono, akaniambia wanaenda kutafuta mkaa. Mkaa ulikuwa umejaa gunia zima nyuma ya mlango.

Tuliendelea hivyo mpaka barabara ilipofunguliwa, naye padri akatusomea misa ya marehemu bila kumuuliza mtu. Papa hakurudi. Sahani ilikoma, lakini mimi sikukoma. Mazoea yana taabu. Watu hudhani anayekula kupita kiasi anapenda chakula, na kazini nimewasikia hata wauguzi wenzangu wakisema ni ulafi. Mimi siwezi kukuambia chakula nilichokula miaka ile kilikuwa na ladha gani. Nilikula wakati wa mitihani, nilikula ndoa ilipoyumba, nilikula kila mara bunduki zilipolia upande wa Sake. Imenichukua miaka kujifunza mambo madogo ninayowafundisha wengine: kula nimeketi, kupakua mara moja na kuiacha sufuria jikoni, kunywa maji kwanza, na kujiuliza kabla ya tonge la kwanza kama hii ni njaa au ni sauti ya mabomu. Siku nyingine nashinda. Siku nyingine najikuta nimesimama mbele ya sufuria, kidole gumba ndani ya bugali. Haba na haba hujaza kibaba, na nadhani kibaba hupunguzwa vivyo hivyo.

Sasa mji umebadilika mara nyingi, na vita vimerudi na kuondoka na kurudi tena. Kakule ni mwanaume mwenye watoto watatu, na mpaka leo hakubali mtu amfunikie chakula. Mama ni mzee, anakaa kwangu, macho yamefifia, na kwa miaka thelathini na zaidi hatujawahi kuzungumza juu ya Jumapili ile. Mwezi uliopita tulikuwa mezani, mimi na yeye tu. Kulikuwa na milio mbali, mizito, na sahani zikatetemeka kidogo. Nilikuwa nimeshashiba. Mkono wangu ukaenda tena sufuriani, na mkono wake, mwembamba na mkavu, ukaushika kwenye kifundo na kuubana kwa nguvu ambayo sikujua kwamba bado anayo.

“Acha, Kavira,” alisema. “Papa yako alishashiba.”