Mitutu Iliyokohoa

Mpaka leo nikinusa mafuta ya cherehani, akili yangu hukimbilia uani kwetu, vilima vya Shimba, miezi michache baada ya mvua za El Niño. Wenzangu hukumbuka mama zao wakishona. Mimi hukumbuka bunduki.

Ilikuwa ya marehemu babu, bunduki ya marisawa, zile risasi za chembechembe, yenye mitutu miwili, aliyoachiwa na mwajiri wake wa shamba la miwa. Chuma chake kilikuwa kimesokotwa kwa ufundi wa kale, kikabaki na mistari ya mawimbi kama ukili wa mkeka. Niliamini duniani hakuna kitu kizuri kuliko kile. Kibali cha kuimiliki kilipohamia kwa baba, nguruwe mwitu walikuwa wameshaingia muhogoni, naye akaenda Mombasa kununua risasi.

“Kabla hujaijaza, niletee hiyo mitutu,” nyanya alimwambia.

Baba aliichomoa kwenye kitako, akaifuta mafuta ya cherehani, akampa. Nyanya aliining’iniza kwa kamba, akaigonga kwa mwiko. Hivyo ndivyo alivyochagua vyungu sokoni Kwale: chungu kizima huimba, chenye ufa hukohoa. Mitutu ilikohoa. Akanipa nichungulie kuelekea mwangani. Nilitarajia kuona ndani kunang’aa kama kioo. Niliona vishimo vya kutu, kama uso wa aliyeugua ndui.

“Mutua, hii haifai,” nyanya alimwambia baba. “ Ilizoea baruti ya zamani, hafifu. Hizo risasi zako ni kali, zitaipasua mikononi mwako.”

“Mama, muhogo unaisha.”

“Muhogo hupandwa tena.”

Kesho yake baba aliijaza bunduki risasi, akaifunga kwenye kisiki, akafunga kamba kwenye kifyatulio, akatulaza sote nyuma ya tuta, akavuta. Kunguru walitawanyika. Hakuna kilichopasuka. Baba alicheka, nami nikapiga makofi.

Nyanya alijikung’uta vumbi magotini. “Leo imekustahi,” alisema. “Ya kesho huijui.”

Jioni ile baba hakula. Alikaa na bunduki mapajani, akipitisha kidole kwenye ile mistari. Siku chache baadaye aliipeleka kituo cha polisi kuisalimisha. Nyanya alimsindikiza hadi barabarani, mkono wake juu ya gunia lililoifunika, kisha akarudi jikoni akalia. Nguruwe waliumaliza muhogo. Majirani walituita waoga.

Nilimnunia nyanya muda mrefu. Nilitaka ushahidi: ama mitutu ipasuke, ama akubali kwamba alikosea. Ni ukubwani, nikiwa na watoto wangu, ndipo nilipoelewa kuwa hatari iliyoepukwa haiachi ushahidi wowote, na anayeiepusha hufa bila kushukuriwa. Nilielewa pia kilio cha jikoni. Mumewe hakumwachia kitu kingine cha kushika.

Baba sasa ni mzee. Juzi nilimkuta barazani akimfunga mwanangu vifungo vya shati la shule, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Nilisimama mlangoni nikaitazama mikono yake, vidole vyote kumi, nikamkumbuka nyanya.