Mama Alivyokataa Kurithiwa

Baba yangu alikufa kwa kichomi mwezi wa saba, wakati baridi ya Eldoret haimhurumii hata mwenye koti. Alikuwa akifanya kazi katika kinu cha kusaga mahindi karibu na stesheni ya reli, na kila jioni alirudi nyumbani mweupe kwa unga hadi kwenye nyusi, sisi watoto tukimcheka. Alianza kukohoa Jumapili moja akiwa kanisani. Jumapili iliyofuata mchungaji alimsomea sala ya maziko. Alizikwa hapo hapo mjini, maana siku hizo kusafirisha maiti hadi kwetu Maragoli kulikuwa jambo la watu wengine, si la watu kama sisi.

Nilikuwa na umri wa kama miaka kumi. Ndugu yangu alikuwa bado ananyonya. Vita vikuu vilikuwa vimekwisha karibuni, na lokesheni, mtaa wetu wa Waafrika, ilijaa wanaume waliovaa makoti ya jeshi hata jua likiwa kali.

Baada ya maziko tulipanda lori kwenda nyumbani kwa matanga. Huko Mama alinyolewa nywele, akakalishwa kwenye majani ya migomba, na wanawake wazee wakamwambia yale yanayoambiwa wajane. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Wazee walipomaliza mambo yao alisema anataka kurudi Eldoret akafunge nyumba na kuchukua vyombo. Wakamkubalia. Tuliporudi hakufunga nyumba wala kukusanya vyombo. Siku ya pili aliamka alfajiri, akabandika sufuria ya uji wa wimbi, akaenda kuwauzia makuli pale stesheni.

Lazima niseme kidogo kuhusu nyumba yenyewe. Lokesheni ya Waafrika ilikuwa ng'ambo ya mto Sosiani, na manispaa ilikuwa imewakodisha wanaume viwanja vidogo, kila mtu ajijengee. Baba alikata nguzo, akazisimamisha, akaezeka kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyofumuliwa na kunyooshwa. Kuta zilikuwa kazi ya Mama. Alichota maji mtoni, akachimba udongo, akaukanda kwa miguu yake, akakandika chumba cha kwanza na cha pili, akiwa na mimba yangu. Kila mwaka kabla ya Krismasi alizipaka upya kwa kinyesi cha ng'ombe na majivu, na wageni walisifu zilivyokuwa laini.

Kinyesi hicho alikileta rafiki yake, mama mmoja Mnandi ambaye mume wake alikuwa akikaa katika shamba la Kaburu mmoja nje ya mji. Kila asubuhi alikuja na vibuyu vya maziwa mgongoni. Kiswahili chake kilikuwa cha kukatakata na cha Mama kilikuwa na lafudhi nzito ya Kimaragoli, lakini sijawahi kuona watu wawili waliosikilizana kama wale.

Baba mdogo alikuja mwezi wa kumi na mbili, akifuatana na mzee mmoja wa ukoo aliyekuwa binamu ya babu yangu. Sitaki msomaji amdhanie baba mdogo vibaya. Alikuwa mtu mpole, mwenye mke na watoto wake, na nadhani hata yeye alikuwa amesukumwa. Desturi ilisema mke wa marehemu ni wa ndugu yake, watoto ni wa ukoo, na nyumba inafuata. Yeye alitumwa kutimiza.

Mama aliwapokea vizuri. Alimwomba jirani achinje kuku, akampika, akasonga ugali. Kwetu mwanamke hakula kuku. Alimfuga, akamnyonyoa, akampika, akanusa harufu yake nyumba nzima, kisha akala mboga jikoni pamoja na watoto. Nyanya alituambia kwamba mwanamke akila kuku atazaa watoto wasiotulia, wanaokimbiakimbia kama vifaranga. Na katika kuku huyo firigisi ilikuwa na mwenyewe. Ilikuwa ya mwenye boma, na hata mgeni mkubwa hakuigusa bila kupewa.

Mama aliweka bakuli mezani, firigisi juu. Yule mzee akaitazama, akamgeukia baba mdogo.

"Chukua," alimwambia. "Sasa ni yako."

Hata mimi, mtoto, nilielewa. Akiila mbele ya mzee na mbele yetu, basi mambo yamekwisha. Baba mdogo alinawa, lakini hakunyoosha mkono mara moja. Alimtazama Mama kama mtu anayeomba ruhusa.

Mama alikuwa amesimama na birika la maji. Akaliweka chini, akanyoosha mkono katikati ya wanaume wawili, akaichukua firigisi na kuitia mdomoni. Firigisi ni ngumu. Aliitafuna pole pole, akameza.

"Mwenye hii nyumba alikufa, shemeji," alisema. "Aliyebaki ni mimi. Wewe kula kuku, umetoka mbali."

Mzee alisimama, mikono ikiwa bado na maji. "Huyu mwanamke ameharibiwa na mji," alisema, akachukua fimbo yake. Baba mdogo alimfuata hadi mlangoni, akarudi kuchukua kofia, akatuangalia sisi watoto, halafu akaondoka. Kuku alibaki. Mama alikaa kwenye kiti cha Baba, akatugawia, na yeye akala.

Kabla ya wiki kwisha ikaja habari kwamba ameshtakiwa kwa wazee wa baraza.

Baraza la lokesheni lilikuwa la wazee waliochaguliwa na serikali, kila kabila na mzee wake, na lilikutana Jumamosi katika banda la mabati kando ya ofisi. Mwanamke aliweza kuwa na kesi pale, ila hakuwa na mdomo. Ilibidi asimamiwe na baba yake, au ndugu yake, au mwanawe mkubwa. Mama alituma ujumbe kwa baba yake, naye akajibu kwamba hana binti Eldoret. Mchungaji wetu, mtu mwema lakini mwoga, alikuja akajitolea kumsemea.

"Asante, Mchungaji," Mama alimjibu. "Lakini wewe utawaambia vile unaogopa, sio vile mimi nataka."

Jumamosi ile alivaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani, akambeba ndugu yangu mgongoni, akanishika mkono. Tulipofika nilimwona mama Mnandi amekaa kwenye nyasi nje ya banda na vibuyu vyake. Pembeni yake walikaa wanawake wengine wa lokesheni, wauza mboga, wafua nguo, na wawili waliojulikana kwa kupika busaa, pombe ya nafaka. Askari alikuja kuwafukuza.

"Nyinyi mnatafuta nini hapa?"

"Mimi nangoja huyu mama," alisema mama Mnandi bila kuinuka. "Yeye nunua maziwa yangu. Akipotea mimi uzia nani?"

Askari hakujua sheria ya kujibu hilo. Akawaacha.

Ndani, mkubwa wa baraza, Mluo mmoja mrefu mwenye ndevu nyeupe, alisoma shtaka, kisha akauliza, "Nani anasimama kwa huyu mama?"

"Mimi nasimama," Mama alisema.

"Tunauliza mwanamume."

"Mwanamume alikuwako, Mzee. Alikufa. Ndiyo maana tuko hapa."

Watu waliokuwa mlangoni walicheka. Mkubwa wa baraza hakucheka, ila aliwatazama wenzake kushoto na kulia, mmoja wao akainua mabega, naye akamwonyesha baba mdogo aanze.

Baba mdogo alisema kwa sauti ya chini kwamba hataki ugomvi. Alisema ng'ombe wa mahari walitolewa, kwa hiyo mke ni wa ukoo. Alisema nyumba ni ya ndugu yake, nguzo alikata mwenyewe na mabati alipiga mwenyewe, na haiwezekani kazi ya mkono wa ndugu yake ibaki kwa mtu asiyetaka kuwa mke wa nyumba hiyo. Mzee wa ukoo alikohoa kwa kuridhika.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia. Anasema kweli," alisema Mama. "Nguzo ni za ndugu yake. Mabati ni ya ndugu yake. Aje leo azitoe, abebe, aende nazo Maragoli. Mimi sitamzuia. Lakini udongo ni wangu. Niliuchimba mimi, nikaukanda na hii miguu. Atoe nguzo zake bila kugusa udongo wangu."

Halafu mmoja wa wazee, Mkikuyu mnene aliyekuwa akisinzia, akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka, na banda zima likamfuata. Hata baba mdogo aliinamisha uso kuficha tabasamu. Mama peke yake hakucheka. Alingoja wanyamaze.

"Na mimi mwenyewe," akaendelea, "mume wangu alinioa kanisani. Niliambiwa mpaka kifo. Kifo kimekuja. Huyu shemeji yangu ni mtu mzuri, ana bibi yake, na huyo bibi ni rafiki yangu. Hakuna mtu alimuuliza yeye kama anataka mimi."

Naamini lile neno la mwisho ndilo lililowashinda. Wazee walijadiliana muda mrefu kwa sauti za chini. Mkubwa wa baraza akasema hawawezi kumfunga mtu kamba ili arithiwe. Kuhusu ng'ombe, ukoo ukazungumze na ukoo huko nyumbani. Lakini kuhusu nyumba, sheria ya lokesheni haikuwa yao, na sheria hiyo ilisema mwanamke asiye na mwanamume hapewi kiwanja. Aende kwa Bwana wa Lokesheni, Mzungu aliyesimamia viwanja.

Jumatatu tulikwenda. Ofisi ilinuka tumbako na karatasi. Yule Mzungu alizungumza kile Kiswahili cha masetla kilichokuwa kama fimbo.

"Wewe hapana bwana, hapana nyumba. Mwanamke moja hapana kaa location. Iko sheria."

Siku hizo mwanamke wa peke yake mjini alionekana malaya au mpika pombe, na lori la polisi lilikuwa likiwakusanya na kuwarudisha makwao. Mama alijua. Tulipopita tuliliona likiwa limeegeshwa nje.

"Sheria inataka jina la mwanamume?" Mama aliuliza.

"Ndiyo."

"Mwanamume mkubwa ama mwanamume tu?"

Karani Mwafrika aliyekuwa pembeni alitazama juu. Mzungu hakuelewa, karani akamtafsiria. Akafungua kitabu chake, akasoma, akakunja uso. Kabla hajasema chochote Mama alifungua kanga, akamshusha ndugu yangu kutoka mgongoni, akamketisha juu ya meza.

"Huyu hapa."

Ndugu yangu alishika kalamu ya Bwana, akaitia mdomoni. Karani alijifanya kukohoa. Mzungu alimtazama mtoto, akamtazama Mama, na masikio yake yakawa mekundu. Nilidhani atamwita askari. Badala yake alimnyang'anya mtoto kalamu, akaifuta kwa suruali yake, akauliza, "Jina?"

Hivyo ndivyo ndugu yangu, ambaye bado hakuweza kutembea bila kushika ukuta, alivyokuwa mpangaji halali wa kiwanja cha manispaa ya Eldoret.

Wanawake walitungoja nje, na mama Mnandi alipiga vigelegele vya kwao. Nilicheka njia nzima. Mama hakucheka.

"Nimepita mlango wa nyuma," aliniambia tulipovuka daraja. "Sitaki kuzoea mlango wa nyuma."

Na kweli hakuzoea. Kila mwaka, siku ya kulipia kiwanja, aliomba jina libadilishwe liwe lake. Kila mwaka alikataliwa. Aliwachosha maofisa wawili. Ndugu yangu alikuwa ameshaanza shule na kuandika herufi zake alipokuja ofisa wa tatu, kijana, aliyesikiliza, akamuuliza karani kama ni kweli mama huyu amelipa miaka yote hiyo, akaandika. Mama alirudi nyumbani, akabadilisha nguo, akaenda kuuza uji.

Wajane wengine walikuja kumuuliza alifanyaje. Walikaa jikoni, wengine wakilia, wengine wakiwa na hasira. Mama hakuwadanganya kwamba ni rahisi. Baadhi yao walifanikiwa. Mmoja, jirani yetu wa nyuma, aliondolewa na polisi mchana, vyombo vikatupwa njiani, na hatukumwona tena. Mama alimtaja katika sala zake kwa miaka mingi.

Naye alilipa gharama yake. Kanisani alitolewa katika kwaya ya akina mama kwa muda mrefu, akawa anaimba kutoka benchi la nyuma, kwa sauti kubwa kuliko wote. Babu, baba yake, alikufa bila kuzungumza naye. Wanaume walipopita nyumbani kwetu jioni walisema maneno ambayo sitayaandika. Baba mdogo ndiye aliyetushangaza. Alikuja tena baada ya miaka michache, safari hii na mke wake, wakakaa wiki nzima kama wageni, na wanawake wale wawili walicheka jikoni usiku na mchana.

Nilipokuwa nimeshaolewa, nikiwa na mtoto wangu wa kwanza, nilimuuliza Mama kama siku zile hakuogopa. Nilitarajia aseme hapana. Kwangu alikuwa mtu asiyeogopa kitu.

"Niliogopa sana," alisema. "Asubuhi ya baraza nilitapika nyuma ya choo, wewe hukuona. Miguu ilikuwa inakataa."

"Sasa ulifanyaje?"

Alifikiri, akimpakata mjukuu wake.

"Nilienda na hiyo miguu inayokataa," alisema, kisha akaniomba nimletee maji ya moto amwogeshe mtoto kabla jua halijashuka.