Kopo Moja ya Maziwa kwa Batoto Yote

Kama unataka kujua kama unapenda batoto kweli, usiulize roho yako, itakudanganya. Ngojea kopo moja ya maziwa ipite mu mikono ya batoto ya kanisa nzima, mu baridi ya asubui ya kwetu Mushaki, ku milima, kila mumoja na kamasi yake inashuka polepole kama haina haraka, kisha kopo ikufikie weye wa mwisho. Njo pale utajua. Miye nilikuwa ninafunga macho, ninasema "Bwana asifiwe", ninakunywa. Nilikuwa ninafikiri ile njo musalaba wangu. Bengine banateswa juu ya imani, miye ninakunywa kamasi.

Nilikuwa moniteur wa école du dimanche, mufundishaji wa batoto ku kanisa kila Jumapili. Usifikiri nilisomea ile kazi. Nilifika ya pili secondaire, pale masomo ikaniacha. Miye sikuiacha, ni yenyewe ilichoka. Pastor alinichagua juu siku moja nilichekesha batoto ku kilio, bamama bakakasirika, naye akasema heri huyu tumupatie fasi yenye kuchekesha iko na ruhusa.

Kitabu ya mafundisho ilikuwako moja, panya zikaikula, na zilianza na Amri Kumi. Kwa hiyo nilikuwa ninafundisha na vitu vyenye viko karibu. Fundisho ya kusema kweli, tulifundisha na viazi: nani alikula kiazi ya mwenzake, anyooshe mukono. Uvumilivu, tulikuwa tunaangalia maharagi yenye inachemuka, na hakuna kufunua sufuria. Kutii muzazi, kila mutoto alikuwa anasema kitu yenye mama alimutuma jana na hakuenda, na tulikuwa tunacheka mupaka machozi. Na upendo, njo ilikuwa kopo.

Maziwa ilikuwa inaletwa na Mama mumoja, muke wa muzee wa kanisa, mwenye ng'ombe zake zilikuwa zinajaza kilima nzima. Kila siku ya Mungu alikuwa analeta bidon ya kivuguto, ile maziwa ya kuganda, nzito, yenye inakawia kushuka mu kopo. Na kwetu maziwa iko na adabu yake. Unakunywa umekaa chini. Unashika kopo na mikono mbili. Haupulize. Na haukatae, hata umeshiba. Mutu akikataa maziwa ya mutu, ni kama amemutemea mate mu uso. Miye nilikuwa ninawaambia batoto: "Kopo moja, familia moja. Mwenye anakunywa na ndugu yake, hawezi kumupiga." Kisha banatoka inje, banapigana, na mutoto wangu ndani yao. Lakini leçon, fundisho yenyewe, ilikuwa muzuri.

Siku moja kabinti kakaingia. Kalikuwa kametoka upande wa Walikale na koko yake, nyanya wake, bamekimbia vita, bametembea mu pori na mu barabara mupaka kwetu, na sasa balikuwa banalala mu kibanda ya bâche, ile hema ya plastiki, nyuma ya nyumba ya masomo. Meno ya mbele ilikuwa imeng'oka yote. Kakakaa katikati ya bengine kama mutu mwenye alizaliwa pale, na kakajua nyimbo yote kuliko batoto yetu. Nikafurahi. Nikasema, leo kopo itafanya kazi yake.

Kopo ikamufikia. Akanusa. Akairudisha.

"Ni nini hii?"

"Ni maziwa, mama mudogo. Ya ng'ombe."

"Imeoza."

Batoto bakacheka. Nikamuambia: "Haijaoza, imeganda. Ni butamu."

"Sasa yenye inanuka ni nini?"

Haikuniingia mu kichwa kama kuko mutoto mwenye hajaonja maziwa. Kwetu mutoto anajua maziwa mbele ya kujua papa yake. Lakini mu pori ya Walikale, ng'ombe ataikutana wapi? Banakula samaki, ndizi, nyama ya pori, vitu vya mungazi, ule muti wa mafuta. Maziwa ya kuganda, kwake, ilikuwa maziwa ya kuoza, basi. Mutu mwenye akili angechukua kopo na kupitisha. Lakini Mama wa maziwa alikuwa anaangalia, na miye nikaanza kuhubiri.

"Mwenye anakataa kopo, anakataa ndugu zake. Yesu alikunywa kopo chungu kuliko hii!"

Kabinti akaniangalia vile unaangalia mutu mwenye anataka kukuibia. Akashika kopo na mikono mbili, akafunga macho, akakunywa mupaka mwisho. Akakaa kidogo. Kisha yote ikarudia, na ikashukia ku kikwembe mupya yenye Mama wa maziwa alikuwa amevaa.

"Yesu wangu! Kikwembe yangu!"

"Pole, Mama, ni tumbo tu..."

"Tumbo gani? Ni nyani! Bale ba mu pori banakulaka nyani! Mutu mwenye anakula nyani akigusa maziwa, chuchu ya ng'ombe inapasuka, inatoa damu! Weye moniteur, papa yako alichunga ng'ombe, haukujua?"

"Mama, huyu mutoto toka asubui hajaona hata haragi moja. Nyani angeitosha wapi?"

Hakunisikia. Alichukua kopo, akaisugua na majivu, akaimwangia mayi ya moto, akaisugua tena. Miye nikasimama pale ninaangalia. Ile kopo kamasi ya batoto yetu ilikuwa imekaukia pa mudomo yake toka zamani, imekuwa kama rangi. Hakuna siku mutu aliisugua. Sasa mutoto mumoja wa Walikale ameigusa, njo majivu imepatikana.

Siku ya Mungu yenye ilifwata, nikakuta mukebe ya tomate imetundikwa na kamba pa mulango. Mukebe ya kutu, kutu yenye unaweza kupandia maboga.

"Ni ya ule wa Walikale," Mama wa maziwa akasema. "Atakaa pa mulango, atakunywia pale. Na kama hakunywe, akae pale tu."

Nikaangalia bwana yake, muzee wa kanisa. Nilifikiri atasema neno. Akasema: "Ni hygiène tu, moniteur, ni usafi. Kuko magonjwa."

"Muzee, kama ni hygiène, tutundike mikebe ya batoto yote."

"Usianze na michezo yako," akaniambia, na akaenda kukaa mbele, fasi ya bazee, na Biblia kubwa pa magoti.

Kabinti akaingia. Akaona mukebe. Akauliza, na sauti ya kawaida tu, kama mutu anauliza njia:

"Hii ni ya imbwa?"

Miye nikaanza kufungua Biblia. Miye mwenye kinywa yangu haifungake hata ku mazishi! Njo mutoto mumoja nyuma akapaza sauti na furaha: "Ni ya weye!" Na batoto yote bakacheka. Bamoja bakaanza kufanya sauti ya imbwa.

Nisikilize vizuri. Leçon ya uvumilivu, nilikuwa ninaifundisha toka wakati ya maharagi ya zamani, na mupaka leo banafunua sufuria. Leçon ya mukebe, hakuna mutu aliifundisha, hakuna aliyeiimba, hakuna aliyeipigia makofi. Batoto bakaishika yote, mara moja, mbele nimalize kufungua Biblia. Nikaangalia ile tusura tuzuri twenye kamasi, nikasikia kinyaa yenye sikuwahi kusikia. Na mufundishaji alikuwa nani? Si njo miye, na bazee, na ile bidon?

Kabinti akatoka. Hakulia. Siku ya Mungu ingine hakurudia, na ingine tena hakuna. Nikamuuliza Pastor, akasema tumuombee. Kuomba iko muzuri, lakini kibanda yao ilikuwa karibu kuliko mbingu. Nikavaa bottes za matope, nikaenda.

Koko yake alikuwa amekaa pa moto, moshi inamuingia mu macho na yeye hafungi. Kabinti alikuwa nyuma yake.

"Njo weye mwenye ananywesha batoto ya bantu maziwa ya kuoza kwa nguvu?"

"Njo miye, Koko."

"Na njo weye wa mukebe?"

"Hapana, Koko. Mukebe ni..."

"Mulango ni ya nani?"

"Ni ya kanisa."

"Ndani ya kanisa nani anafundisha batoto?"

Koko akanionyesha kajiwe, nikakaa.

"Umefwata nini?"

"Nataka kabinti arudie ku leçon."

Koko akacheka kidogo, akachukua kasufuria, akaiweka mbele yangu. Ndani mulikuwa vitu vinono, vya rangi ya mafuta, kila kimoja na kichwa yake nyeusi, na kila kichwa ilikuwa inaniangalia miye.

"Ni nini hii, Koko?"

"Ni nyama."

"Nyama ya nini?"

"Ya kukula."

Nikaangalia vizuri. Zilikuwa funza za mungazi, zile zinazaliwa mu muti wa mungazi wenye umeanguka. Ndugu yao alikuwa ametoka Walikale, amebeba ile kidogo ku mugongo, na Koko alikuwa ameikaanga juu ya kukumbuka kwao. Haikukuwa michezo. Ilikuwa kitu ya maana kuliko yote mu ile kibanda, na alikuwa ananipatia.

"Koko, nilisha kula ku nyumba."

"Kwenu mugeni anakatalaka?"

Kabinti akatoka nyuma ya koko yake juu aone vizuri. Nikajua hapa hakuna njia ya kupitia. Nikikataa, huyu mutoto hatarudia, na atakuwa na haki. Nikachukua moja. Ilikuwa laini. Nikaiweka mu kinywa na sikutafuna, nilitaka ipite yenyewe kama dawa ya kinini, lakini kinini haina unene ile. Ikashuka kidogo, ikapanda. Machozi ikaanza. Nikashika magoti yangu.

"Tafuna," Koko akasema. "Si ugonjwa."

Na kale kabinti, na mapengo yake, kakaniambia polepole vile miye ninahubiri:

"Yesu alikula kubaya kuliko hii."

Nikatafuna. Ikapasuka, mafuta ikajaa kinywa. Niseme kweli mbele ya Mungu: ulimi yangu ilikubali, ilikuwa kama karanga zenye mafuta mingi. Ni kichwa yangu njo ilikataa. Kichwa yangu ilikuwa inapiga kelele "Ni funza! Ni funza!" na tumbo ikasikiliza kichwa. Nilikimbia inje, nikatapikia majani ya viazi yao. Nyuma yangu nikasikia kabinti anacheka, anacheka mupaka anakosa pumzi, na Koko anamuambia "Nyamaza, ni moniteur", na yeye mwenyewe anacheka.

Niliporudia ndani, Koko akanipatia mayi. Hakukasirika. Hakusugua sufuria na majivu. Akachukua funza moja, akakula yeye, akapatia mujukuu, basi.

Kabinti akanikalia mbele. "Nitakuja. Lakini sikunywe."

"Hautakunywa."

"Na sikae pa mulango. Nakaa katikati."

"Katikati kabisa," nikamuambia.

Siku ya Mungu nikafika mbele ya bengine. Nikakata kamba ya mukebe, nikaitupa mu choo. Kabinti akakuja, nikamukalisha katikati, batoto bengine bakamuzunguka. Bamoja bakaanza tena sauti ya imbwa, nikawaangalia na sura yenye sikuwa ninayo siku zote, bakanyamaza. Kisha Mama wa maziwa akaingia na bidon yake.

"Mukebe iko wapi?"

"Mu choo, Mama."

"Weye unanichezea."

"Leo hapana, Mama. Leo sichezi."

Akaweka bidon chini. Batoto yote macho ku bidon. "Basi, moniteur, chagua. Ao huyu anarudia pa mulango, ao maziwa yangu inarudia ku nyumba."

Usifikiri ilikuwa rahisi. Miye pia ninapenda kivuguto. Na nilijua nusu ya ile batoto banaamuka asubui juu ya kopo, hapana juu ya Yakobo na Esau. Nilitazama muzee wa kanisa, akafungua Biblia yake, akatafuta kurasa yenye hakukuwa nayo haja. Ile kurasa njo ilinimaliza.

"Mama," nikasema, "bidon iko nzito. Nikusaidie kuitosha inje?"

Akaichukua mwenyewe. Alipofika pa mulango akageuka, na akaita na sauti tamu, sauti ya mutu anaita kuku:

"Mwenye anataka maziwa, anifwate!"

Wa kwanza kusimama alikuwa mutoto wangu. Damu yangu mwenyewe. Akaniambia, "Papa, minarudia saa hii hii," na akakimbia. Bengine bakafwata, banasukumana, banakanyagana, batoto yangu ya kopo moja, familia moja. Hata mudogo wa bote, mwenye anatambaa tu, alijaribu, bottes yake moja ikabakia mu matope pa mulango na yeye akaendelea na ile ingine.

Ndani tulibakia miye, katoto kamoja kenye kalikuwa kamelala, na kabinti. Inje tulikuwa tunawasikia banacheka, kopo inapita.

Kabinti hakusogea. Alikaa katikati, vile tuliahidiana. Lakini katikati ya nani?

"Papa moniteur," akaniuliza, "tuanze ao tungojee?"

"Tuanze," nikasema, na nikaimba kwa nguvu sana, na sauti yangu mubaya, juu ile kelele ya inje isimufikie.