Tapeti za Pikapu ya Baba Mkwe

Gari lingekuwa la mtu mwingine, ningelizima mwenyewe na kuficha ufunguo. Lakini lilikuwa la baba mkwe, na mimi, fundi kwa kazi, mbele ya baba mkwe sina mdomo.

Ilikuwa pikapu ya Kimarekani, ya petroli, silinda nane, usukani kushoto. Aliinunua kwa mzungu wa mradi aliyekuwa akifunga virago. Hapa Ujiji ikawa gari la kila mtu. Kuna msiba? Watu wanagonga kwa Mzee. Harusi? Kwa Mzee. Ilibeba masufuria, viti, na vikongwe wasioweza kutembea. Alikuwa amestaafu bandarini, watoto wametawanyika, na kule kugongewa mlango ndiko kulikomwamsha asubuhi akaoga na kupiga pasi kanzu. Bila hilo gari angebaki mzee tu kama wazee wengine. Nililijua hilo, na ndilo lililonitesa.

Siku moja nikasikia injini yake, tik-tik-tik. Injini zile zina ujanja wake: gari likiwa halijaelemewa, silinda nne zinalala ili kubana mafuta. Zinalazwa na tapeti, vidude vinavyosukuma valvu zifunguke. Ndani ya kila tapeti ya silinda hizo mna pini ndogo inayosukumwa na oili. Ikikwama, tapeti inaharibika, inaanza kuitafuna kemshafti, chuma kinachozunguka chini yake na kuisukuma. Na kemshafti ikishaliwa, kwa Kigoma hii isiyo na spea zake, umekwisha.

"Shikamoo, Baba. Sauti hii tusiiache. Naomba nifungue injini."

"Marahaba. Ufungue nini? Injini ya nguvu hiyo, iache ipumue."

Wenzake pale barazani wakacheka. Mmoja, dereva wa malori wa zamani, akatoa dawa: oili nzito. Wala simlaumu. Gari lolote lililochoka hapa mjini likianza kugonga tunalitia oili nzito, linanyamaza. Lakini vitundu vya tapeti zile ni vyembamba mno, vinataka oili nyepesi.

"Baba, oili hiyo itaiua."

"Mkwe wangu, huyu kaendesha malori wewe hujazaliwa."

Nibishane na baba wa mke wangu mbele ya wenzake? Akamimina mwenyewe, na loo, ikanyamaza! Kila nikipita ananiita, "Fundi, unasikia chochote?" Nilikereka, wallahi. Hata hivyo nilimwomba Mungu mzee awe sahihi na mimi niwe mjinga.

Ilipogonga tena ilikuwa inatoka Kidahwe na watu wa mazishi, inatetemeka kama mtu mwenye homa. Safari hii Baba alinikabidhi ufunguo. Nikahamishia plagi na koili ya silinda iliyokuwa inakosa kwenye silinda nyingine. Kosa halikuhama, likabaki kwenye silinda ileile. Nikafungua mfuniko wa valvu, nikamwomba apige stata. Roka zote, vile vyuma vinavyobonyeza valvu, zikacheza, isipokuwa moja imekaa tu. Nikashusha silinda hedi, nikaitoa tapeti kwa sumaku. Kigurudumu chake kilikuwa kimelika upande mmoja, na kemshafti chini yake imechimbika kama muhogo uliogugunwa na panya.

Aliiweka tapeti kiganjani. "Kadude haka?"

"Ndiyo, Baba."

"Si ukabadilishe!"

Nikabadilishe na nini, jamani? Nilipiga simu maduka yote ya Kigoma, nikapiga Dar. Kemshafti hakuna. Tapeti zilizokuja zilikuwa za mtumba, zimeoshwa zikang'aa. Nikamwambia kinagaubaga kwamba hata tapeti nzima, ukiiweka juu ya kemshafti iliyoliwa, ni kazi bure.

"Weka," alisema. "Inshallah."

Nikaweka. Iliwaka vizuri, mama mkwe akapiga vigelegele. Haikufika hata Katonga, hapo karibu tu. Vijana waliirudisha kwa kuisukuma, ikaegeshwa nje ya geti, mdomoni mwa uchochoro.

Kisha jirani wa nyumba ya tatu akafiwa. Nilipofika, Baba alikuwa ameshaoga, amevaa kanzu, amekaa mlangoni na ufunguo mkononi.

"Hata ikifika makaburini tu, Fundi?"

"Haitawaka, Baba. Nisamehe."

Alitikisa kichwa. Mara tukasikia hodi, na kwa jinsi alivyoinuka ungesema ni kijana. "Karibuni! Karibuni!"

Alikuwa mtoto wa marehemu. Alimwamkia Baba kwa adabu zote, akasema wamekodi lori, ila haliwezi kukata kona. Je, Mzee angewaruhusu waisogeze pikapu kidogo?

"Aa, hamna shida," alisema Baba.

Alipanda mwenyewe, akashika usukani, tukamsukuma. Akaegesha vizuri kabisa kando ya ukuta, akavuta breki ya mkono. Lori likapita limejaa watu, nao wakampungia mkono. Nilimfungulia mlango. Hakushuka.

"Nenda uwahi kuzika," aliniambia. "Mimi niko humu."